Maji Hupimwa Alfajiri

Ciakuthii hakuwahi kula samaki hata mmoja maishani mwake, wala hakuona haya kulisema. Kwao, kule juu ya Githongo ambako mashamba ya majani chai yanaishia na msitu wa mlima unaanzia, wazee wa zamani walimwona samaki kuwa ndugu wa nyoka. Siku hizi vijana wanamla mpaka wananyonya miiba, lakini yeye alikuwa ameshazeeka na msimamo wake. Kwa hiyo mpita njia angeshangaa kumkuta mjane huyu, mwenye miaka sitini na kitu, ameketi kila alasiri kando ya bwawa la samaki, akiwarushia pumba na kuwasimulia habari za kanisani.

Bwawa lilikuwa la marehemu mumewe, Mithika. Alilichimba miaka ile serikali ilipokuwa ikihimiza watu wafuge samaki, na majirani wakamcheka mpaka wakachoka. Baadaye wengine walimwiga, wakachimba ya kwao, yakaishia kuwa makao ya vyura. La Mithika lilisimama. Lilikaa pale chini ya migomba, la kijani, na tilapia wake wakanenepa hata watu wa hoteli wakawa wanapanda mlima kutoka Meru mjini kuja kuwachukua. Ciakuthii hakulikaribia. Alisema linanuka. Mithika akirudi kutoka huko ilibidi anawe mikono kwa sabuni, aoneshe viganja, ndipo apewe chai, na huo ndio uliokuwa ugomvi wao pekee, kama ugomvi wa kuchekeana unaweza kuitwa ugomvi.

Basi mwezi wa Aprili Mithika alianguka katikati ya michai akiipogoa, akakata roho kabla hajafikishwa barabarani. Mazishi yalikuwa makubwa. Watu walikula, wakaimba, wakasema maneno mazuri, wakatawanyika, kila mmoja na shughuli zake.

Kathuri, mtoto wao wa pekee, alikuwa mtu wa ofisi mjini na alikaa mtaa wa Kinoru na mkewe Nelius, mwenyeji wa Embu. Nisije nikadhaniwa nawasema vibaya: walikuwa watoto wazuri, wazuri hasa. Daktari alikuwa ameonya kwamba kifua cha mama hakitaki moshi, na hata mwezi haukuisha tangu mazishi, Nelius akaleta meko ya gesi, mapya, yanayong'aa kama sahani ya harusi. Jiko la zamani, kibanda cha mbao kilichokuwa cheusi ndani kwa moshi, likabomolewa mchana mmoja. Mafundi waliyasukuma mafiga kwa miguu mpaka ukingoni mwa ua. Karambu, jirani, alisimama upande wa pili akinung'unika kwamba mafiga ya mke wa mtu hayapigwi mateke kama mpira. Hakuna aliyemsikia, na Ciakuthii mwenyewe hakusema kitu, kwa sababu alikuwa akifanyiwa wema.

Gesi haina maneno. Unawasha, unapika, unazima, na nyumba inarudi kuwa kimya kama ilivyokuwa. Zamani Karambu alikuwa akija asubuhi na kigae chake kuomba kaa la moto, na kaa hilo moja lilimchukua muda wa vikombe viwili vya chai kulipata. Sasa nani aombe kaa kwenye gesi? Karambu aliacha kuja, si kwa ubaya, ila hakuwa na sababu. Kisha binti yake aliyefungua kibanda cha kuuzia wanafunzi kule Nchiru akamwita akamsaidie, naye akaenda. Boma la jirani likabaki na kufuli.

Asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya. Ciakuthii aliamka kukiwa bado giza, kama alivyoamka siku zote za ndoa yake, akakuta hakuna wa kumwamkia. Alikaa kitandani na kulia. Hakulia kwa sauti, maana hata kulia kwa sauti kunataka mtu wa kusikia. Jua likipanda alijikaza, akakamua ng'ombe, akanawa uso, akafunga kitambaa kichwani, na kufikia mchana alikuwa mtu tena. Na wageni wote walikuja mchana. Akina mama wa kanisa walikuja mchana, mchungaji alikuja mchana, Kathuri na Nelius walifika Jumapili baada ya ibada, wakala, wakamtazama, wakaambiana kwenye gari kwamba mama ameshapoa.

Hao samaki aliwafikia kwa bahati tu. Alikuwa akitafuta ndoo kwenye migomba alipouona mkebe wa rangi wa Mithika umetundikwa kwenye mti wa parachichi, kutu imeutoboa kitako. Aliutungua, akaugonga kwa ukucha bila kuwaza. Mara maji ya bwawa yakachemka. Midomo mingi ikajitokeza ukingoni, ikifunguka na kufumba, ikimngoja. Ciakuthii akacheka, na kicheko chake kikamshtua mwenyewe, kwa maana alikuwa hajakisikia tangu Aprili.

Tangu siku hiyo akawa nao. Kazi zikiisha alishuka na pumba, akaugonga mkebe, nao wakaja. Katika eneo lote lile hakukuwa na kiumbe kingine kilichomkimbilia kikisikia hatua zake. Ng'ombe? Ng'ombe alitazama ndoo.

Lakini mvua za vuli zilipoanza, samaki walibadilika. Walikuja wachache, kwa uvivu, wakionja pumba na kuziacha. Kisha akaanza kukuta wafu, mmoja leo, wawili kesho, wamelala ubavu juu ya maji. Kathuri aliwaona Jumapili moja, akaona pia jinsi mama yake alivyowatazama, na hapo akasema lile alilokuwa nalo moyoni siku nyingi. Bwawa lizibwe. Ng'ombe auzwe, chai wamkodishie mtu, mama aje Kinoru, chumba kipo. Ciakuthii aliomba mpaka mwisho wa Novemba. Samaki wakipona, abaki. Wakiendelea kufa, atafungasha. Sharti hilo Ciakuthii alilikubali kwa shingo upande, na usiku ule alikifikiria kile chumba cha Kinoru, dirisha lake linalotazama ukuta, akaona kwamba upweke wa pale ungekuwa na watu ndani yake, na huo aliuogopa zaidi.

Alipiga simu ofisi ya samaki, akatumiwa binti mmoja wa Mbeere aitwaye Wambeti, aliyefika alasiri na buti zake za mpira. Wambeti alimwita cucu, kama anavyoitwa bibi kwao, akachovya kikaratasi majini na kukilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kifuniko cha kopo. Alimweleza kwamba hicho kinapima pH, yaani uchachu wa maji. Kikigeuka rangi ya chungwa maji ni machachu, kikiwa kijani ni maji ya kukaa samaki, kikienda buluu yamepita kiasi. Siku hiyo kilikuwa kijani safi. Wambeti akakuna kichwa, akamwachia kopo zima aendelee kupima.

Akaendelea. Kila alasiri kijani, na kila alasiri maiti. Ciakuthii akayatafakari hayo mpaka akapata jawabu lake mwenyewe: samaki walikuwa wakimlilia Mithika. Maji hayakuwa na kasoro, wao ndio waliovunjika moyo. Na nisimfiche, jawabu hilo lilimfariji kwa namna ya aibu. Alifurahi kwamba kuna mwingine aliyeshindwa kupoa.

Alimpigia Wambeti kumweleza hivyo, kwa unyonge, akitegemea kuchekwa. Wambeti hakucheka.

"Cucu," akasema, "wewe unapimanga saa ngapi?"

"Mchana. Nikimaliza kazi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi mimi siendi popote."

Wambeti akamwomba kesho yake ashuke kabla jua halijatoka, mara moja tu.

Alishuka. Umande ulimlowesha sketi mpaka magotini, na ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba. Hakuugonga mkebe, lakini samaki walikuwa tayari juu, wote waliobaki, midomo wazi, wakihema kama watu waliopanda mlima. Alichovya karatasi. Haikuwa kijani. Ilikuwa rangi ya chungwa, chungwa bivu, na akainua macho kutoka kwenye karatasi kuwatazama wale samaki. Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa kila siku. Kila siku, wakati yeye amelala huko juu akilia, wao walikuwa huku chini hawapati pumzi, na mchana wakaonana, wao wakala pumba, yeye akawasimulia habari za kanisani, karatasi ikasema kila kitu ni sawa. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Aliwaza kwamba tangu mumewe azikwe hakuna mtu aliyewahi kumpima yeye saa hizo.

Wambeti alipokuja alimweleza kwa maneno mepesi. Ule ukijani wa majini ni mimea, inakula jua mchana na kuyaondolea maji uchachu. Usiku hakuna jua. Samaki wanapumua, mimea inapumua, na hewa wanayoitoa inazama majini na kuyachachusha hadi kunapambazuka. Mabwawa yote yako hivyo. Ila udongo wa huku kwenye chai ni mchachu tangu zamani, na mvua inauteremsha humo humo, kwa hiyo maji yanayumba kupita kiasi. Maji hayo yalihitaji kitu cha kuyashikilia.

"Mzee alikuwa anaweka nini?" akauliza. "Chokaa ya shamba?"

Ciakuthii akasema chokaa hajawahi kuiona kwake. Mzee hakuweka kitu. Wambeti alikuwa ameushika ule mkebe wa rangi, akiugeuzageuza. Akauinua juani na kuangalia kitako chake. Yale hayakuwa matundu ya kutu. Yalitobolewa kwa msumari, yamepangwa kwa mistari, na ndani ya mkebe kulikuwa na ukoko wa kijivu ulioganda.

"Jivu," Wambeti akasema. "Alikuwa anachekecha jivu."

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo Ciakuthii hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Karambu. Miaka yote ya mwisho Mithika alikuwa akiamka kabla yake, anaingia jikoni kwenye giza na kuchota majivu ya jana. Kwa watu wa umri wao hilo halikuwa jambo dogo. Mwanamume hainami kwenye mafiga ya mkewe kuchota jivu, na akionekana atatungiwa kisa kitakachomzidi umri. Ciakuthii alimsikia kutoka kitandani, akajifanya amelala. Akiamka alikuta mafiga safi na kuni zimepangwa, akadhani mzee ameyamwaga chooni kama watu wamwagavyo. Mgongo wa Ciakuthii ulikuwa umeanza kumsumbua miaka hiyo. Aliamini kwamba mumewe, asiyejua kutamka neno tamu hata kwa kulazimishwa, alikuwa amechagua kulisema kwa njia hiyo, na akamtunzia siri hiyo asije akachekwa. Katika mambo yote aliyobaki nayo, hilo ndilo alilokuwa akilitoa asubuhi na kulikumbatia.

Kumbe ni samaki.

Alicheka mbele ya Wambeti, akamsindikiza hadi njiani, akamshukuru. Aliporudi aliurusha mkebe kwenye migomba, akaketi chini, na hasira aliyoipata ilikuwa ya msichana. Miaka yote hiyo ameringa moyoni kwa mapenzi ya tilapia. Alitaka kumuuliza. Alitaka aje tu kwa dakika moja, na mikono yake inayonuka, aulizwe swali moja: jivu lilikuwa la nani? Halafu arudi alale.

Kulipokucha aliutafuta mkebe.

Wambeti alikuwa amesema chokaa ya dukani ingefaa vizuri tu. Lakini Ciakuthii alishuka ukingoni mwa ua, akayatafuta mafiga. Mawili yalikuwa yamefunikwa na majani, la tatu lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa choo. Aliyaviringisha kwa mikono, si kwa miguu, akipumzika kila baada ya hatua chache, hadi mahali pa wazi karibu na bwawa ambapo upepo ungepeleka moshi msituni na si kifuani mwake. Akawasha moto wa matawi ya mkaratusi. Akapika chai hapo. Alikohoa, ndiyo, lakini moto ulikuwa na maneno: ulipasuka, ulilalamika, ulitaka kusukumiwa kuni. Jivu likipoa alilichekecha juu ya maji, kidogo kidogo kama alivyoonywa, kwa maana ukimwaga kwa pupa unawaunguza. Kila alfajiri alipima. Chungwa likawa chungwa lililofifia. Baadaye likawa manjano. Maiti zilipungua, kisha siku kadhaa hakukuwa na hata moja, kisha akaelea mmoja tena na moyo ukamshuka.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba Kathuri alikuja peke yake. Alikuwa ameshapatana na mwenye tingatinga aje kuziba bwawa wiki inayofuata. Alipoyaona mafiga na masizi alikunja uso, akamkumbusha mama yake maneno ya daktari, na jinsi Nelius alivyohangaika na ile gesi. Ciakuthii alimwacha aseme yote. Kisha akachovya karatasi, akamwonesha. Ilikuwa alasiri. Ilikuwa kijani.

"Si uone, maji iko sawa," Kathuri akasema, akiwa amechanganyikiwa. "Na wewe uko sawa. Sasa shida iko wapi, mama?"

"Lala hapa leo," akajibiwa. "Hilo tu ndilo ninalotaka. Kesho uniamulie."

Hakuwa amelala nyumbani tangu wiki ya mazishi. Alitaja ibada, akamtaja Nelius, kisha akautazama uso wa mama yake na kupiga simu Kinoru kusema hatarudi.

Alfajiri Kathuri aliamshwa na ukimya. Alimkuta mama yake nje kwenye mafiga, amejifunika blanketi la Mithika, moto haujashika vizuri. Alikuwa analia. Alimsikia mwanawe akija na hakufuta uso. Ilimgharimu kutoufuta, mkono ulikuwa umeshaanza kunyanyuka, akaurudisha chini ya blanketi.

Kathuri alichuchumaa kando yake.

"Ni kila asubuhi?" akauliza.

"Kila asubuhi."

Alimpa karatasi, akamwambia akapime mwenyewe. Kathuri alishuka ukingoni, akachovya, akairudisha na kuishika karibu na moto ili aone rangi. Ilikuwa manjano, na pembeni kabisa, ukitazama kwa kutaka kuona, palikuwa na kijani kidogo. Samaki walikuwa chini, hawakuwa juu wakihema. Ciakuthii akamwambia kwamba mwezi uliopita ilikuwa chungwa. Hakumwambia habari za jivu zilivyokuwa zamani, ila tu kwamba jivu la jana ndilo huwekwa leo, na kwamba bado hajalichota, mgongo ulimkatalia.

Kathuri hakulitaja tingatinga. Alikuwa na shati lake zuri la jana na saa yake ya mkononi. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya mafiga ya mama yake na kuanza kulichota jivu kutoka upande uliopoa, kwa viganja, akilijaza kwenye mkebe. Kulikuwa kumeshapambazuka na wachumaji chai wawili walikuwa wakipita njia ya juu na vikapu mgongoni. Walisimama. Mmoja akamgusa mwenzake. Kathuri aliwaona, akawaamkia, akaendelea kuchota.

Ciakuthii alimtazama mwanawe mgongoni, umbo lile lile, kuinama kule kule alikokusikia miaka yote gizani bila kukuona. Swali lile la jivu lilimfika mpaka kwenye ulimi. Hakuliuliza. Alisogea kando, akamwachia nafasi.